Vitamini D: Mstari Mwekundu Kauchora Nani?

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, ana duka la vitenge Kariakoo. Miezi michache iliyopita wanakikundi wenzake walimshawishi wakapime afya, ule upimaji wa mwili mzima ambao mkienda kumi mnapunguziwa bei. Akarudi na karatasi nne. Sukari sawa, figo sawa, ini sawa. Mstari wa mwisho kabisa, karibu na muhuri: vitamini D, 22, na pembeni yake herufi L kwa wino mwekundu. Hakuonana na daktari. Aliyemkabidhi bahasha alimwambia tu kwamba "iko chini", akamwelekeza dirisha la dawa, na huko akauziwa chupa iliyomgharimu kuliko kiroba cha sembe cha kilo 25.

Usiku akampigia mdogo wake anayeishi Leicester, Uingereza, kumweleza yaliyomkuta. Kumbe mdogo mtu naye alipimwa Agosti iliyopita, akapata 55, wala hakuambiwa kitu. Basi ikawa utani: nyie mna jua la bure mwaka mzima, halafu vitamini ya jua mmeikosa! Shemeji alicheka, lakini alilala na wasiwasi.

Kesho yake nikamwomba anitumie picha za karatasi zote mbili. Nilichokiona kilinifanya nivue miwani niifute. Maabara ya Dar es Salaam imeandika nanogramu kwa mililita. Ya Leicester imeandika nanomoli kwa lita. Ukitaka kutoka kipimo cha kwanza kwenda cha pili unazidisha kwa 2.5, na 22 mara 2.5 ni 55. Damu ya dada na damu ya mdogo zina kiasi kilekile cha vitamini D. Mmoja kaambiwa ana upungufu, mwingine kaambiwa ni mzima, na tofauti yao yote iko kwenye karatasi.

Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba watu bilioni moja duniani wamepungukiwa vitamini D, au kwamba nusu ya Waafrika hawana ya kutosha, swali la kwanza liwe mstari umechorwa wapi. Kwenye ugonjwa huu idadi ya wagonjwa inategemea sana mahali pa mstari, na mstari wenyewe umekuwa ukihamishwa.

Nianze na lile ambalo halina ubishi. Ngozi ikipigwa na mionzi fulani ya jua, ile iitwayo UVB, hutengeneza vitamini D. Ini huibadilisha ikawa namna inayozunguka kwenye damu, na hiyo ndiyo maabara huipima. Figo huikamilisha ikawa homoni, na kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo kunyonya kalisi, yale madini ya kujenga mifupa, kutoka kwenye chakula. Ikikosekana kabisa, mifupa ya mtoto haikomai: miguu inapinda, vifundo vya mikono vinavimba, utosi unachelewa kufunga. Ndiyo matege. Mtu mzima naye hupata mifupa laini, maumivu ya nyonga na misuli iliyolegea. Daktari Francis Glisson aliandika kitabu kizima juu ya matege ya watoto wa Uingereza mwaka 1650. Mwaka 1890 mmisionari na daktari Theobald Palm alilinganisha taarifa kutoka nchi mbalimbali, akaona matege yamejaa kwenye miji yenye moshi na hayapo kwenye nchi za jua. Mwaka 1919, Berlin, Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto kwa taa ya mionzi. Miaka mitatu baadaye Elmer McCollum, Mmarekani, akaipa vitamini hiyo herufi D. Kwa hiyo hakuna daktari mwenye akili timamu anayekataa kwamba upungufu upo na unalemaza.

Ubishi uko kwa akina shemeji: watu wanaotembea, wanaobeba majora ya vitenge, miguu imenyooka, ila namba yao iko katikati.

Ndani ya muda usiofika mwaka mmoja, Marekani ilitoa majibu mawili. Mwishoni mwa 2010 jopo la Taasisi ya Tiba lilisema kwamba 20, kwa kipimo cha Dar (ndicho nitakachokitumia kuanzia hapa), inatosha karibu kila mtu, na kwamba hatari ya kweli ya upungufu iko chini ya 12. Katikati ya 2011 chama cha mabingwa wa homoni, Endocrine Society, kikatoa mwongozo wake: chini ya 20 ni upungufu, kati ya 21 na 29 haitoshi, afya njema inaanzia 30. Tafiti walizozisoma kwa sehemu kubwa zilikuwa zilezile. Maabara nyingi zikaufuata mstari wa mabingwa wa homoni, na hiyo ndiyo L ya shemeji.

Tazama mstari unavyozaa wagonjwa. Mwaka 2020 Reagan Mogire na wenzake, kutoka kituo cha utafiti cha Kilifi, Kenya, walikusanya tafiti 129 zenye watu zaidi ya 21,000 kutoka nchi 23 za Afrika. Waliokuwa chini ya 12 walikuwa asilimia 18. Chini ya 20, asilimia 34. Chini ya 30, asilimia 60. Damu ni ileile, watu ni walewale, na Afrika inaweza kuwa na mgonjwa mmoja kati ya watano au watatu kati ya watano. Ulaya nayo, kwa uchambuzi uliochapishwa 2016, ina asilimia 13 chini ya 12 na asilimia 40 chini ya 20. Gazeti likitaka kichwa cha habari cha kutisha linajua namba ya kuchukua.

Sasa niwatendee haki waliopandisha mstari, maana hawakuwa wajinga. Hoja yao ya kwanza ni ya mwilini: vitamini D ikishuka, tezi zilizo shingoni hutoa homoni ya kuvuta kalisi kutoka kwenye mifupa, na baadhi ya tafiti ziliona homoni hiyo ikitulia namba inapokaribia 30. Tafiti nyingine ziliiona ikitulia kwingine, na kuna zisizoona ikitulia popote, lakini hoja ina mantiki.

Ya pili inatugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 2012 watafiti kutoka Uholanzi walichapisha majibu ya damu za Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania, watu wanaoishi bado kwa ufugaji na uwindaji, ngozi nyeusi, siku nzima nje. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115, yaani kama 46 kwa kipimo cha Dar. Zaidi ya mara mbili ya shemeji. Hoja ikajengwa hapo: mwili wa binadamu ulitengenezwa chini ya jua hili, kwa hiyo hiyo 46 ndiyo hali yake ya asili, na sisi wa madukani na maofisini ndio tuliopotoka.

Hoja hii inavutia na niliiamini kwa muda mrefu. Inachosahau ni kwamba kiasi alichonacho mtu si lazima kiwe kiasi anachohitaji. Mvua ya masika ikijaza pipa la mjini mpaka likafurika, haithibitishi kwamba nyumba inahitaji pipa zima kila siku. Halafu Mhadzabe hatofautiani na mimi kwa jua peke yake. Anatembea kilomita nyingi, hana kitambi, hanywi soda. Unene peke yake hushusha namba ya vitamini D kwenye damu, maana vitamini yenyewe huyeyuka kwenye mafuta na kujificha humo.

Upande wa pili ulipata sauti kubwa mwaka 2016, wakati mtafiti wa Marekani JoAnn Manson na wenzake watatu, baadhi yao waliokaa kwenye lile jopo la 2010, walipoandika katika NEJM, jarida kubwa la tiba la Marekani, wakiuliza kama kweli kuna janga la upungufu wa vitamini D. Walichosema ni kwamba dunia imeisoma vibaya namba yao. Ile 20 iliwekwa iwatoshe asilimia 97.5 ya watu, wakiwemo wenye mahitaji makubwa kuliko wote. Watu wengi wanatosheka na 16, na wengine wanatosheka na chini ya hapo. Ukimhesabu kila aliye chini ya 20 kuwa ana upungufu, umewaweka wazima kwenye foleni ya wagonjwa.

Shemeji alielewa nilipomwambia kwa lugha ya dukani. Kitenge kinauzwa yadi sita kwa sababu yadi sita zinamtosha karibu kila mteja, hata mama mwenye mwili wake anayetaka gauni refu na kilemba juu. Je, aliyeshona kwa yadi nne ametoka uchi? "Wengi wanabakiza kipande," akasema. Ndiyo hoja nzima ya Manson.

Kwa hesabu yao, Wamarekani wa umri wa mwaka 1 hadi 70 wenye upungufu wa kweli hawafiki asilimia 6. Uchambuzi mwingine wa miaka inayokaribiana na hiyo, uliotumia 20 kama mstari, ulisema asilimia 41.6, na kwa Wamarekani weusi asilimia 82. Asilimia 82! Ukiamini namba hiyo unategemea kuwakuta wakivunjika nyonga kila kona. Ukweli ni kinyume: Wamarekani weusi wana mifupa mizito kuliko weupe na huvunjika mara chache. Mwaka 2013 Camille Powe na wenzake walitoa maelezo: sehemu kubwa ya vitamini D kwenye damu imebebwa na protini, na walisema watu weusi wana protini hiyo kidogo, kwa hiyo namba ya jumla inashuka wakati kiasi kinachotumika na mwili kiko sawa. Wengine wakapima upya kwa mbinu tofauti, wakasema kifaa cha kwanza kilishindwa kuisoma aina ya protini iliyo ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika, na tofauti ikayeyuka. Maelezo ya Powe yamepata doa. Mifupa, hata hivyo, haijabadilika: namba ya chini, mfupa mgumu. Mimi nasoma hapo kwamba mstari mmoja kwa watu wote ni jambo la kutiliwa shaka, hasa kwetu.

Na shaka nyingine ni ya kifaa. Sampuli ileile ikipelekwa kwenye mashine mbili inaweza kurudi na namba mbili, kiasi kwamba mwaka 2010 ulianzishwa mpango wa kimataifa wa kuzioanisha. Mtu mwenye 22 leo anaweza kuwa 18 au 27 kwenye maabara ya mtaa wa pili bila kubadilisha chochote maishani.

Mwaka 2024 Endocrine Society wenyewe wakaigeuza meza. Mwongozo mpya hauitambui tena 30 kama lengo, na unashauri watu wazima wenye afya wasipimwe hovyohovyo. Miaka kumi na mitatu ya herufi L, na waliozizaa wamezikana. Karatasi za Dar hazijapata habari bado.

Mpaka hapo msomaji atadhani nimeshachagua upande. Kwenye suala la mstari, ndiyo, nimechagua: 30 ilikuwa kosa lililogeuka biashara. Marekani, vipimo vya vitamini D vilivyolipiwa na bima ya wazee viliongezeka mara 83 kati ya 2000 na 2010. Lakini kuna kosa la pili, na naliona linakuja. Ni kusema kwamba kwa kuwa janga lilitiwa chumvi, basi upungufu wenyewe ni hadithi ya wauza vidonge, na sisi wa ikweta hautuhusu.

Unatuhusu, ila haukai pale tunapoupima.

Mogire na wenzake walifanya pia kazi ya pili, wakapima watoto wadogo 4,509 wa Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini. Waliokuwa chini ya 12 walikuwa asilimia 0.6 tu, na chini ya 20 asilimia 7.8. Wengi wao ni watoto wanaocheza nje, na jua linafanya kazi yake. Sasa toka hapo uende kwenye makazi duni ya Nairobi. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta watoto wenye matege yaliyotokana na upungufu wa vitamini D hasa, wengi wao na utapiamlo juu yake. Nairobi, digrii moja na kitu kutoka ikweta. Jua halikosekani pale. Kinachokosekana ni namna ya jua kumfikia mtoto: chumba kimoja cha mabati kisicho na dirisha, kichochoro chembamba, mama aliyekwenda kibaruani alfajiri, na mtoto amefungiwa ndani kwa usalama wake.

Wastani wa nchi unawameza watoto hawa. Ukisema "Kenya iko vizuri" umesema kweli, na yule wa kichochoroni anazidi kupinda miguu.

Na hata jua likimfikia si mwisho wa habari. Huko Jos, Nigeria, Tom Thacher na wenzake walipowatibu watoto wenye matege, matokeo yao ya 1999 yalionyesha kwamba kalisi, peke yake au pamoja na vitamini D, iliwaponya vizuri kuliko vitamini D peke yake. Watoto wale walikuwa na jua la kutosha. Chakula chao kilikuwa nafaka, bila maziwa, na nafaka isiyokobolewa ina vitu vinavyoishika kalisi isinyonywe. Nikisoma hivyo namkumbuka bibi yangu aliyekuwa akitwanga dagaa wakavu na vichwa vyao na miiba yao, akauchanganya unga huo kwenye mboga ya wajukuu. Hakujua neno kalisi. Leo dagaa tunawatoa vichwa, halafu tunanunua kalisi kwenye chupa.

Kisha kuna desturi zetu wenyewe. Pwani, mzazi na mtoto hukaa ndani arobaini. Zamani nyumba ilikuwa na ua, na baada ya siku za mwanzo mtoto aliogeshwa na kupakwa mafuta, akaoteshwa jua la asubuhi uani, mbali na macho ya wapita njia. Ua ule ulikuwa na kazi ambayo hatukuijua mpaka tulipouuza. Siku hizi arobaini inakaliwa kwenye fleti ya ghorofa ya tano, pazia zito, dirisha la kioo limefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Kioo cha dirisha huzuia UVB. Mama anamweka mtoto kwenye mwanga unaopita kiooni akiamini anamwotesha jua, na mtoto anapata joto tu. Maziwa ya mama nayo, pamoja na utukufu wake wote, yana vitamini D kidogo, na mama akiwa nayo chini mtoto anaanza maisha na akiba ndogo. Katika ule mkusanyo wa Afrika, watoto wachanga, wanawake na watu wa mjini ndio waliokuwa chini zaidi.

Ghuba imelipeleka jambo hili mbali zaidi. Ndugu zetu walio Muscat wanajua: jua la Juni huwezi kulitembelea, unatoka kwenye gari lenye ubaridi unaingia nyumba yenye ubaridi. Utafiti mdogo wa Oman uliochapishwa 2011 ulipima wanawake 41 wenye afya walio katika umri wa kuzaa. Wote, bila kumbakiza hata mmoja, walikuwa chini ya 20. Wengi wetu tungekimbilia kulilaumu buibui, na ni kweli nguo inayofunika mwili wote huzuia mionzi. Lakini bibi zetu wa Lamu na Unguja walivaa buibui pia, na walikuwa na ua. Nguo peke yake haielezi yote. Nyumba inaeleza zaidi.

Hapa ndipo karatasi mbili za akina shemeji zinapoachana. Leicester iko karibu digrii 53 kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua lake liko chini mno angani, na hata ukikaa bustanini mchana kutwa ngozi yako haitatengeneza kitu cha maana. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi hata wakati wa kiangazi. Ile 55 ya mdogo mtu ilipimwa Agosti, kileleni. Kufikia Februari itakuwa imeshuka, huku 22 ya dada yake wa Kariakoo ikibaki hapohapo au ikapanda akienda kijijini mwezi mmoja. Kwa hiyo aliyepewa L hana haja kubwa ya dawa, na aliyeachwa bila alama ndiye mwenye haja. Uingereza inalijua hilo: tangu 2016 washauri wa lishe wa serikali wanasema kila mtu apate mikrogramu 10 kwa siku majira ya vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima, bila hata kupimwa. Finland haikungoja watu wanywe vidonge. Iliweka vitamini D kwenye maziwa kuanzia 2003, ikaongeza kiasi mwaka 2010, na wastani wa taifa ukapanda kutoka nanomoli 48 hadi 65, yaani kutoka kama 19 hadi 26 kwa kipimo cha Dar, katika miaka kumi na moja.

Je, basi tuwape watu wote vidonge, kwa usalama tu? Hapa wapenda vidonge wamepata pigo ambalo hawajapona. Kwa miaka mingi tafiti zilionyesha kwamba wenye vitamini D ya chini wanaugua zaidi karibu kila kitu: saratani, moyo, kisukari, kifua kikuu. Jaribio kubwa la VITAL la Marekani liliwapa nusu ya watu 25,871 uniti 2,000 (uniti 40 ni mikrogramu moja) kila siku kwa zaidi ya miaka mitano. Saratani haikupungua, wala shambulio la moyo, wala kuvunjika mifupa. Watetezi wakajibu, na kwa haki, kwamba wengi wa washiriki wale walikuwa na vitamini ya kutosha tangu mwanzo. Wastani wao ulizidi 30. Ukimwagia maji shamba lililokwisha lowa, usishangae mahindi yasiporefuka.

Lakini majaribio mengine yaliwachukua wenye upungufu kwelikweli. Mongolia, karibu watoto 9,000 wa shule, na zaidi ya asilimia 95 yao walikuwa chini ya 20. Walipewa vitamini D miaka mitatu, na maambukizi ya kifua kikuu hayakupungua. Na hapahapa Dar es Salaam, kati ya 2014 na 2017, watu wazima 4,000 wenye VVU waliokuwa wanaanza dawa, wote chini ya 30, waligawanywa: nusu vitamini D ya nguvu, nusu kidonge kisicho na kitu. Vifo vilikuwa sawa na kifua kikuu kilikuwa sawa. Ni jaribio kubwa, limefanyika kwenye kliniki zetu, na ajabu ni kwamba wauza chupa wa Kariakoo na wengi wa wateja wao hawajawahi kulisikia.

Kinachoelekea kuwa kweli ni kwamba namba ya chini mara nyingi ni kivuli cha ugonjwa. Anayeumwa hatoki nje, hali vizuri, na mwili kuvimba kwa ndani kwa sababu ya ugonjwa nako hushusha namba. Ukiipandisha namba peke yake hujagusa kilichoishusha. Ila mfupa wa mtoto ni kesi nyingine: mwenye matege ya vitamini D ukimpa, ananyooka. Dawa hii inaponya kile inachoponya.

Na ina madhara. Ile chupa ya shemeji ilikuwa kapsuli za uniti 50,000, zinazotakiwa kumezwa moja kwa wiki na kwa muda maalumu. Yeye alikuwa anameza moja kila asubuhi na chai, kwa sababu dirishani aliambiwa "moja moja". Kiwango cha juu ambacho mtu mzima anashauriwa asikizidi kwa siku bila daktari ni uniti 4,000. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama C. Inajilimbikiza, kalisi inapanda kwenye damu, figo zinaumia. Uingereza baada ya vita vya pili ilizidisha vitamini D kwenye vyakula vya watoto, na miaka ya 1950 wachanga wakaanza kuugua kwa kalisi nyingi, ikabidi viwango vishushwe.

Jua nalo si la kuhubiri bila breki. Nimeona mabango ya "jua ni dawa" yanayosambazwa kwenye simu, na nikawafikiria ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua la saa sita ni saratani ya ngozi. Kule hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao, ili jua lisiwafikie. Ngozi yao isiyo na rangi hutengeneza vitamini D ya kutosha ndani ya muda mfupi sana. Hawahitaji kuambiwa wakaote jua.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya afya, nisingetoa hata shilingi kwa ajili ya kumpima mtu wa makamo anayejitembelea. Ningeipeleka kwenye matone ya vitamini D kwa wachanga wa mjini, na kwenye mafunzo ya muuguzi wa kliniki aweze kuushika mkono wa mtoto, kupapasa kifundo kilichovimba na kuuliza: mnakaa wapi, dirisha lipo? Mafuta ya kula tayari tunayaongezea vitamini A kiwandani. Kuijadili D mezani hapohapo si kazi ya ajabu, ingawa kwa wakulima na wafugaji wetu haina maana yoyote.

Shemeji ameziacha zile kapsuli. Mdogo wake ameanza mikrogramu 10 kwa siku, chupa ya bei ndogo kutoka duka la dawa la mtaani kwao. Juu ya duka la Kariakoo, ghorofa ya nne, kuna binti mdogo wa mteja mmoja, ana miezi kumi na minne na hajasimama. Dada wa kazi anamwangalia kutwa, mlango umefungwa, televisheni inaongea. Mama yake alikuwa miongoni mwa wale kumi waliokwenda kupima. Alipata 26 na akauziwa chupa yake. Mtoto hajapimwa.